Muulize Mwalimu: Aliyejitanda ushungi kwenye sarafu ni nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Marehemu babu yangu alikuwa askari Misri wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwenye kisanduku chake nimekuta sarafu ya shaba, ndogo kama kifungo cha shati. Upande mmoja kuna mtu aliyejitanda ushungi na maandishi DV CONSTANTINVS PT AVGG. Upande wa pili kuna gari la farasi wanne, na mkono unashuka kutoka juu. Chini imeandikwa SMALA. Ni malkia gani huyu? Na je, niisugue kwa limau ukijani utoke?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Limau liache kwanza!

Huyo si malkia. Ni Kaisari Constantine wa Roma, aliyefariki tarehe 22 Mei 337 karibu na Nicomedia, Uturuki ya leo. Ushungi ndio unaokwambia kwamba ni marehemu. DV ni *divus*, kaisari aliyehesabiwa miongoni mwa miungu. PT AVGG ni “baba wa Maagusto” (Agusto ni cheo cha kaisari), yaani wanawe watatu waliomrithi. SMAL ni alama ya Alexandria, kwa hiyo sarafu ilifuliwa Misri kulekule alikokuwa babu yako.

Mimi huo mkono hunisisimua kila niuonapo. Makaisari wa kabla yake, wakifa, walichorewa tai, madhabahu, au rundo refu la kuni la kuchomea maiti, kama Antoninus Pius. Constantine alibatizwa siku zake za mwisho, na bado wakamwita *divus*. Ila hapa anapanda na gari lake, mkono wa mbinguni unampokea. Askofu Eusebius, aliyeishi zama hizo, aliieleza sarafu hii hii katika maandishi yake.

Sasa limau. Nikiwa mtoto hapa Tabora, bibi alinipa heller 20 ya mwaka 1916, yenye herufi T, iliyofuliwa mjini kwetu kwenye karakana ya reli Wajerumani walipoishiwa sarafu vitani. Niliisugua kwa limau na majivu. Iling'aa, lakini taji likafutika, na halikurudi. Ule ukijani mgumu ndio ngozi ya sarafu. Ukiona unga wa kijani mpauko unaodondoka, huo ni ugonjwa: ikaushe vizuri, uiepushe na unyevu wa ziwa.

Itie kwenye bahasha ya karatasi. Juu yake andika jina la babu yako, na mwaka aliorudi kutoka Misri.