Baa Chini ya Dirisha Lako: Maswali Yenu Kuhusu Leseni za Pombe

SWALI: Ghorofa tunamokaa imefunguliwa baa chini. Muziki unaenda hadi saa tisa usiku na watoto hawalali. Tumepiga ripoti kwa chifu na polisi mara nyingi. Wakija sauti inapunguzwa, wakiondoka inarudi palepale. Sheria ina meno kweli? *Wapangaji, Ruaka*

JIBU: Poleni sana. Meno yapo, ila hayako kwa askari wa doria. Yako kwenye leseni. Sheria ya Kenya ya Udhibiti wa Vileo ya 2010, ile ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, ilifanya leseni kuwa ya miezi 12 tu. Mwenye baa hana budi kurudi mbele ya kamati ya leseni kila mwaka, na hapo ndipo mkazi ana nguvu. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti leseni za pombe na udhibiti wa kelele pia. Kwa hiyo barua yenu ya kwanza iende ofisi ya leseni ya kaunti ndogo, nakala kwa afisa wa mazingira.

Kabla ya barua, fungueni daftari. Kila usiku andikeni tarehe, saa muziki ulipoanza na ulipozimwa, kilichotokea (vita, chupa kuvunjwa, watu kukojoa ngazini), na nyumba iliyoshuhudia. Mkipiga ripoti polisi, ombeni namba ya OB (daftari la matukio la kituo) na muiandike papo hapo. Daftari la wiki nne kutoka nyumba tatu linashinda karatasi yenye saini mia na neno moja, "kelele". Wakili wa baa atauliza: usiku gani, saa ngapi? Karatasi ya saini haina jibu.

Baa yenye leseni ya kawaida inaruhusiwa na Sheria hiyo ya 2010 kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Wikendi na sikukuu huanza saa nane mchana na kufunga saa tano ileile. Leseni ya klabu ya usiku ina saa zake, kwa hiyo ulizeni kwanza ofisini leseni iliyotolewa ni ya aina gani. Mara nyingi kesi huishia hapo: mtu ana karatasi ya baa lakini anaendesha klabu.

Kuhusu kelele, kanuni za 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba za makazi mchana na 35 usiku. Usiku wa kanuni hizo huanza saa mbili, si saa sita. Programu ya simu itawaonyesha hali ilivyo, lakini haitoshi kama ushahidi. Mwandikieni afisa wa mazingira au NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, aje na kipimo kilichokaguliwa, tena mtaje usiku na saa mnazotaka aje. Asipotajiwa saa atakuja saa nne asubuhi, akute viti vimepinduliwa juu ya meza na sauti hakuna. Apimie chumbani kwenu pia, si barabarani tu.

Mdundo wa besi ni jambo la peke yake. Kipimo cha kawaida huupunguzia uzito, kwa hiyo namba inaweza kuonekana ndogo huku kitanda kinatikisika. Spika ya besi ikiwekwa chini kwenye slabu, zege lenyewe hupandisha mdundo hadi orofa za juu. Ombeni kamati iweke masharti kwenye leseni: spika za besi ziinuliwe kutoka sakafuni na kuwekwa juu ya vipande vizito vya mpira, pasiwe na spika inayotazama nje, na milango ifungwe kuanzia saa mbili. Sharti lililoandikwa hivi linakaguliwa kwa dakika tano. "Asisumbue majirani" halikaguliki.

SWALI: Kuna mtu anataka kufungua baa karibu na shule yetu. Tunaweza kumzuia kabla hajaanza? *Mzazi, Nakuru*

JIBU: Ndiyo, na ni rahisi kuliko kufunga iliyokwisha kufunguliwa. Sheria inataka angalau mita 300 kutoka shule yoyote ya walio chini ya miaka 18, chekechea ikiwemo. Pimeni mara mbili, mstari ulionyooka kwenye ramani na njia ya miguu kutoka lango hadi mlango, kisha mpeleke vipimo vyote viwili pamoja na picha.

Orodha ya waombaji hubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mteueni mzazi mmoja wa kupita kuusoma kila wiki. Pingamizi iwe ya maandishi kwa katibu wa kamati, na nakala yenye sababu imfikie mwombaji siku saba au zaidi kabla ya kikao. Hapa ndipo wengi huanguka: mzigo wa kuthibitisha kwamba alipata nakala ni wenu. Asaini, au mtume kwa rejista na kutunza risiti. Kamati haitakiwi kutoa leseni mpya kama baa zilizopo eneo hilo zinatosha, basi zihesabuni na mzitaje moja moja.

SWALI: Baa ilifungwa kwa fujo. Baada ya wiki mbili imefunguliwa tena, jina jipya, na mwenye baa sasa ni shemeji wa yule wa awali. *Mkazi, Kahawa West*

JIBU: Hili ndilo tundu kubwa, na linatuuma. Kamati humtazama mwombaji, wakati kero imekaa kwenye jengo. Kwa sasa wekeni pingamizi kwa jina la jengo na namba ya ploti, mwambatishe rekodi ya baa ya awali, na muulize kama jengo lina kibali cha kubadilisha matumizi kutoka makazi kwenda biashara. Bila kibali hicho, ofisi ya mipango ya kaunti ina sababu yake ya kukataa.

Msishangilie sana msako wa ghafla. Baa inayofungwa bila notisi wala kusikilizwa hukimbilia mahakamani na Kifungu cha 47 cha Katiba mkononi, kile cha haki ya kutendewa haki na ofisi za serikali, na mara nyingi hupata amri ya kufungua. Notisi, kikao na uamuzi wenye sababu huenda polepole, lakini hushikilia.

Tunataka sheria za kaunti zirekebishwe. Rekodi ya makosa ifuate ploti kwa miaka kadhaa. Makosa yapande ngazi: onyo, kupunguziwa saa, kusimamishwa, kufutwa. Na wanaokagua wasiwe walewale wanaohesabu mapato ya leseni, kwani kaunti inayotegemea ada ya baa itasita kuifunga. Mswada ukifika bunge la kaunti, wananchi lazima washirikishwe. Pelekeni mapendekezo haya kwa maandishi, mpigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu.