Kabla hujakimbilia mkopo wa sola, fungua daftari la dizeli

Miye nna gesti ndogo Jambiani, Unguja, vyumba saba. Mara ya kwanza nlipokwenda benki kutaka pesa za sola nlibeba andiko la kurasa 12, limejaa utalii endelevu na neti ziro ifikapo 2050, kijana wangu ndo alonichapia. Ofisa wa mikopo, dada mmoja mpole sana, akalifungua, akalifunga, akanuliza, "Baba, kwa mwezi unatia dizeli lita ngapi?" Skuwa najua. Na Tukuza je, ule umeme wetu wa kulipia kabla, unanunua yuniti ngapi? Pia skuwa najua, nlijua pesa zinatoka tu. Mkopo nkakosa, na saivi naona yule dada alikuwa na haki.

Basi ushauri wangu wa mwanzo ni daftari. Nlikaa miezi sita nkiandika kila lita na kila yuniti, tarehe na pesa, hata kama jenereta imewaka nusu saa. Hao wanaohisabu hewa chafu ya makampuni makubwa nao wanaanzia hapohapo, kwani lita moja ya dizeli ikiungua inatoa karibu kilo 2.7 za kaboni dioksaidi, kwa hivo ukichoma lita 100 ushamwaga kilo 270 hewani. Neti ziro maana yake utoe kidogo kadri unavoweza, mpaka kile kinachobaki kilingane na kinachoondoshwa. Sie Unguja jenereta tulizizoea tangu misiba ya ule waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara, 2008 kiza karibu mwezi mzima, halafu tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010, na hata ulipokuja waya wa pili 2013 watu hatukuziacha, umeme ukikatika kidogo tu mkono ushafika kwenye swichi.

Lakini kilonshtua zaidi haikuwa dizeli, ilikuwa gesi ya AC. Kila mwaka nkimwita fundi ajaze, anajaza, nalipa, anaondoka, na tundu linalovuja lipo vilevile. Ile gesi ya R410A kilo moja ikitoka hewani inapasha joto dunia sawa na zaidi ya tani 2 za kaboni dioksaidi, yaani kama umechoma lita 700 na ushee za dizeli! Kilo moja tu jamani. Mwambie fundi atafute tundu kwanza, azibe, ndo ajaze, na ukinunua AC mpya uliza ya inveta yenye R32, madhara yake ni kama thuluthi ya ile. Hilo halitaki mkopo, linataka usimame na fundi mpaka amalize.

Miye hili linanuma kwa sababu mama yangu kalima mwani pwani hiihii, ule wa kotonii wenye bei nzuri, na kina mama wa Jambiani na Paje wameuona ukifa mikononi mwao maji yalipozidi joto, wengine wamebaki na spinosamu ambayo bei yake ni ndogo. Sasa mwenye hoteli anaandika ukutani analinda mazingira, na jenereta lake linanguruma hapo nyuma mchana kutwa. Inaudhi.

Pesa zipo. Benki ya CRDB walipotoa hatifungani yao ya kijani 2023, yaani kukopa pesa kwa watu kwa ajili ya miradi ya mazingira, walikuwa wanatafuta bilioni 40 za shilingi wakapata zaidi ya bilioni 171, so wanaotaka kutia pesa kwenye mambo haya wako tele, lakini zile pesa zinamfata mwenye hisabu. Miye nlirudi benki na daftari langu tukakaa saa nzima tunapigia hesabu pesa ya dizeli na Tukuza itakayopungua kama inatosha kulipa kila mwezi, na msimu wa masika wakati wageni hakuna nao tukautia, maana ukipanga malipo kama kila mwezi ni Agosti utaumia.

Na kama wewe kama mimi hutaki riba, uliza dirisha la Kiislamu, uliza murabaha. Sola inaingia vizuri humo kwa sababu kuna mali ya kununuliwa, benki inanunua paneli, betri na inveta ile ya kugeuza umeme wa sola utumike nyumbani, inakuuzia kwa bei mlokubaliana na faida yao unaiona tangu siku ya kwanza. Ila soma orodha ya vitu kimoja kimoja kabla hujatia saini. Nlivoletewa miye mara ya kwanza betri hazikuandikwa aina wala dhamana ya miaka mingapi, nkagoma, kwa sababu paneli inaweza kukaa miaka 25 lakini betri ndo inayokufa mwanzo, na hapa kwetu kwa joto hili na chumvi ikiwekwa bandani juani haifiki mbali. Waliporudi na karatasi ilioandikwa lithiamu na miaka yake, na mahala pa kuiweka ndani penye kivuli, ndo nkatia saini.