Muulize Anko: Bomba linaloimba kwa moto, tulipeleke besimenti?

SWALI: Shikamoo Anko. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Igogo, Mwanza, nimetengeneza sanamu la mabomba saba ya chuma, chini yake kuna majiko ya gesi, ukifungua koki bomba linaunguruma na kila moja lina sauti yake, wageni wenyewe ndo wanashika koki wanapiga wanavyotaka. Sasa kuna jamaa katupa besimenti ya jengo lake mjini tufanye maonyesho siku tatu, mwangwi wa kule chini ni balaa, ila mke wangu kakataa kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mshukuru mke wako, yuko sahihi.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi kutafuta dirisha, inashuka na kutambaa sakafuni kama maji, na besimenti ni kama beseni, itatokea wapi? Piga hesabu na mimi. Mtungi mdogo wa kilo 6 ukivuja wote unatoa karibu mita 3 za ujazo za gesi, na gesi hiyo ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa inaweza kulipuka, maana yake mtungi mmoja unakitosha chumba cha mita 10 kwa 5 chenye kimo cha mita 3, na kwa vile inajikusanya chini hata haihitaji kuvuja yote. Halafu koki umewapa wageni! Mtoto anafungua, moto haushiki, anaondoka zake, na ngazi ya kutokea huenda ni moja. Mkaa nao usiufikirie, gesi yake ya sumu haina harufu wala rangi, watu wanalala na jiko chumbani hawaamki.

Ila sanamu lako usilitupe, nimelipenda sana. Kinachoimba pale ni hewa, moto unaisukuma tu. Mwaka 1859 Mholanzi Pieter Rijke aliweka wavu wa chuma uliopashwa moto ndani ya bomba lililosimama wima, robo ya urefu kutoka chini, likaanza kulia lenyewe, kwa sababu hewa inapanda, inapokea joto pale kwenye wavu, inatanuka na kutetemeka ndani ya bomba zima. Bomba la mita 1 linapiga kama mitetemo 170 kwa sekunde, ukikata nusu sauti inapanda mara mbili. Bomba halijali joto limetoka wapi, kwa hiyo gesi iache nje, kule besimenti funga waya wa hita ya umeme ndani ya bomba, pale pale pa wavu.

Wageni watacheza na nini sasa? Weka kifuniko juu ya kila bomba na kamba ndefu. Kifuniko kikifunga, hewa haipandi, bomba kimya, mtu akivuta kamba linaimba. Ila likifunikwa muda mrefu waya unazidi kuiva, kwa hiyo weka swichi ya kukata umeme, mabomba yote yawe na earth, na usichomeke saba kwenye ekstensheni moja, hita zinakula umeme kweli. Anza na matatu. Zungushia uzio, chuma kitakuwa cha moto. Waite zimamoto waje waone kabla hamjafungua, na namba yao ya dharura 114 ibandikwe mlangoni. Kama njia ya kutokea ni ile ngazi moja tu, tafuta ukumbi mwingine.

Moto wa kuonekana upeleke nje, kwenye uwanja wazi karibu na ziwa, jioni. Mchana upepo wa ziwani unavuma kuja nchi kavu, utakuzimia majiko.

SWALI: Anko, nimejaribu bomba na wavu kwa jiko la gesi, nikitoa moto linalia sekunde chache linanyamaza. Nimekosea wapi? Dada wa Kirumba

JIBU: Hujakosea dada yangu, wavu umepoa tu, hewa inayopita inabeba joto lake. Ongeza tabaka mbili tatu za wavu ushike joto muda mrefu, na uwe robo ya chini, ukiuweka nusu ya juu bomba halitalia kabisa. Halafu likiwa linalia, vaa glavu ulilaze pole pole, litanyamaza, ukilisimamisha haraka kabla wavu haujapoa linaanza tena. Fanyia nje, usifanyie jikoni.