Simu ikae kwenye loka: kwa wenzangu tunaotunza wazee Marekani

Ukipitia TikTok jioni hukosi kumwona dada yetu mmoja aliyeko Marekani, amevaa sare za kazi, anacheza mbele ya kiti cha magurudumu, na bibi wa kizungu aliyekaa humo anapiga makofi. Chini yake maoni ni mioyo mitupu na "ubarikiwe dada". Mimi huwa najiuliza mawili tu: huyu bado ana kazi? Na yule bibi anajua kwamba watu wa Eldoret na Mwanza wanamtazama akiwa na nguo za kulalia?

Nimefanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa nesi mwenye cheti, kwa miaka, nyingi zikiwa zamu za usiku, na ninaloandika hapa nimeliona kwa macho yangu. Ukatili wa wazi upo, tusidanganyane. Desemba 2015 shirika la habari la ProPublica lilichapisha uchunguzi uliokusanya visa 35 tangu mwaka 2012, vya wafanyakazi kuweka mitandaoni picha na video za wazee waliokuwa chini ya uangalizi wao, baadhi wakiwa uchi. Angalau 16 vilipitia Snapchat, ambako picha hufutika zenyewe. Hufutika, ndiyo, mpaka aliyeipokea aihifadhi.

Lakini wengi wetu tunaponzwa na picha tunazoziona za kawaida, hata za upendo. Ndiyo maana inafaa kujua sheria inasemaje hasa. Agosti 2016 CMS, idara ya serikali kuu inayosimamia bima za afya za umma za Medicare na Medicaid, iliwaandikia wakaguzi wa majimbo yote: kila nyumba ya wazee iwe na sera ya kukataza picha na rekodi zinazomdhalilisha mkazi. Maelekezo ya wakaguzi yanataja mambo kwa majina: mkazi anaoga, yuko chooni, anabadilishwa pampasi, anachokozwa ili ajibu au aitikie kwa namna fulani, au anaonyeshwa sehemu ya mwili bila uso. Kuipiga tu picha ya namna hiyo na kuihifadhi kwenye simu ni kosa, hata usipoituma popote. Na usiseme "lakini alikubali". Picha ya kumdhalilisha mkazi huhesabiwa unyanyasaji hata kama aliridhia, awe ana akili timamu au ana dimensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Hilo la kuchokoza nalijua vizuri. Tulikuwa na kundi la WhatsApp la sisi Waafrika wa kazini, la kubadilishana zamu na kutumiana mahubiri. Usiku mmoja mwenzetu akaweka video ya bibi ambaye jua likizama huanza kumtafuta mamake. Anaulizwa, "Mama yako yuko wapi?" Analia. Anatulia kidogo, anaulizwa tena, na nyuma unasikia vicheko. Watu wakaweka emoji za kucheka. Nilimwandikia pembeni aiondoe. Akajibu kwamba uso hauonekani na kwamba kundi ni letu wenyewe.

Nilimpelekea nesi wa zamu simu yangu. Sikumtumia ile video, nilimwonyesha tu, maana kuisambaza hata kwa nia njema ni kumwanika bibi mara ya pili. Yule mwenzetu alisimamishwa usiku uleule, uchunguzi ukafanyika, akafukuzwa. Niliitwa msaliti. Kanisani kuna mama mmoja alinigeuzia mgongo kwa muda mrefu: "Umemchoma mtoto wa watu na anasomesha wadogo zake." Maneno hayo yaliniuma, sikatai. Ila yule bibi naye ni mtoto wa watu, na hana hata uwezo wa kusimulia alichofanyiwa.

Ukiona kitu kama hicho, usingoje asubuhi. Sheria inaitaka nyumba itoe taarifa ya tuhuma za unyanyasaji kwa mamlaka ya jimbo ndani ya saa 2, kwa hiyo ukimya wako unaweza kukugeukia. Tuhuma ikithibitishwa dhidi yako, huandikwa kwenye rejista ya CNA ya jimbo, na nyumba yenye cheti cha Medicare au Medicaid hairuhusiwi tena kukuajiri. Wapo pia walioshtakiwa mahakamani. Kwa asiye raia, kesi ya jinai yaweza kugusa mpaka makaratasi yake.

Mambo madogo sasa. Selfi ya koridoni ina majina ya wakazi milangoni nyuma yako, ikuze uone. Kama mkazi anataka picha nawe siku ya kuzaliwa kwake, mwite mtu wa idara ya shughuli, ambaye ana fomu za idhini na kamera ya kazini, au mwache bintiye apige kwa simu yake. Walioko nyumbani wanaoomba "tutumie picha za kazini", watumie ya theluji. Makao ya wazee wanaojimudu na nyumba ndogo za watu wachache hufuata zaidi sheria za jimbo, kwa hiyo omba sera yao kwa maandishi siku ya kwanza.

Na kama unamwogopa msimamizi wako, au yeye mwenyewe ndiye aliyecheka, kila nyumba ya wazee inatakiwa kubandika ukutani namba ya ombudsman wa huduma za wazee, yaani mtetezi wa wakazi anayepokea malalamiko. Wengi hudhani ni ya familia peke yao. Mfanyakazi naye anaruhusiwa kupiga, na jina lako hutunzwa siri.