Kupeleka watoto msituni wakati unalea peke yako nyumbani

Mi nalea watoto wa watu nyumbani kwangu, kwa kawaida wanakuwa watano, mdogo ndo kwanza anajifunza kutembea na mkubwa anakaribia miaka mitano, na siku ya kwanza nilipoamua kuwapeleka kwenye miti nilijiandaa kama naenda kusimamia mtihani. Nikaprinti picha za majani, nikapanga tutatafuta, tutabandika, tutataja majina. Dakika tano hazijaisha karatasi zote ziko chini na watoto wamechuchumaa kwenye gogo moja lililooza wanamwangalia jongoo. Wanamgusa anajikunja, wanasubiri, akikunjuka wanamgusa tena. Nusu saa nzima! Mi nimesimama na gundi mkononi, mjinga kabisa.

Tangu siku ile sijaprinti kitu. Tunarudi palepale, gogo lilelile, kila wiki, na hapo ndo naona watu wengi wanakosea, leo huku kesho kule wakidhani watoto watachoka kuona sehemu moja. Wapi! Mtoto akishapazoea ndo anaanza kuona kwamba uyoga wa juzi umenyauka, kwamba dimbwi limekauka. Na wala hauhitaji msitu mkubwa, miti michache yenye kivuli na udongo wa kuchimba inatosha.

Mambo haya yana miaka mingi, Denmark walikuwa na chekechea za msituni tangu miaka ya 1950, na Uingereza yalishika kasi baada ya walimu na wanafunzi wa chuo cha Bridgwater kwenda kule Denmark mwaka 1993 wakaona watoto wanashinda nje. Sasa shida ni kwamba maelekezo mengi utakayosoma yameandikwa kwa ajili ya vituo vyenye watu wazima wawili watatu, we uko mwenyewe, mmoja akibanwa na haja hauna wa kumwachia wengine. Kwetu sheria ni moja, mmoja akienda wote tunaenda, hata kama mchezo umenoga, na watalalamika wiki mbili tatu halafu wanazoea. Mdogo namfunga mgongoni mpaka tufike. Mipaka naweka kwa vitambaa vyekundu kwenye miti, ukikiona kitambaa unageuka, na nikipiga filimbi kila mtu anakuja kushika begi langu, hiyo tulifanyia mazoezi nyumbani kwanza kama mchezo, usije ukajaribu mara ya kwanza mkiwa huko. Kuhesabu vichwa nahesabu mpaka nachoka.

Kabla ya kuwapeleka nenda mwenyewe. Angalia JUU, siyo chini tu, tawi kavu lililoning'inia ni hatari kuliko miiba, na siku ya upepo mkali hatuendi kabisa. Hakuna kitu cha porini kinachoingia mdomoni, hata kama mi nakijua kwamba kinaliwa, maana mtoto wa miaka miwili hawezi kutofautisha. Fimbo wanaruhusiwa, ila ikizidi urefu wa mkono wako unaiburuta, huibebi. Maji na sabuni beba, tope halitoki kwa kupaka dawa ya mikono. Na kibali cha maandishi cha wazazi chukua mapema, na ufuate taratibu za leseni za pale ulipo.

Halafu nguo. Mama mmoja alinijia juu kwa sababu ya sketi iliyojaa tope, na mi kwa kujitetea nikamtolea habari za utafiti wa Finland uliochapishwa 2020, kwamba walitandaza udongo na mimea ya msituni kwenye viwanja vya kulelea watoto na baada ya siku 28 vijidudu vya ngozini vikaongezeka aina na hata kinga ya mwili ikaonyesha mabadiliko, ingawa watoto wote waliopimwa walikuwa 75 tu. Aliniangalia tu. Kilichomtuliza ni pale nilipoomba kila mzazi alete nguo kuukuu zikae kwangu, basi yakaisha. Ningefanya hivyo siku ya kwanza.

Siku ambazo hatutoki nina karai kubwa uani lina udongo, majani makavu, magome, vijiko vizee na sufuria iliyotoboka, na pembeni kuna gogo dogo ambalo tunaliacha wiki mbili bila kuligusa halafu tunaligeuza. Chini yake utakuta nyungunyungu, konokono, jongoo. Naligeuza mimi, nalivuta kuja upande wangu na watoto wako nyuma yangu, ili kama kuna nge au tandu akimbilie mbele. Jongoo na tandu wanajua kuwatofautisha, jongoo karibu kila pingili ina miguu jozi mbili, tandu jozi moja na anauma, kwa hiyo wanahesabu kwa macho wakiwa mbali. Jongoo naye ukimshika unanawa, wengine wanatoa majimaji yanayowasha.

Yule mkubwa ameanzisha utaratibu wake, lazima agonge gogo aseme hodi kwanza, na tusipoitikiwa tunasubiri kidogo ndo tunafungua.