Barua kwa mwanangu kuhusu hiyo nyumba ya Goba

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeisoma mara mbili, unauliza Jumamosi ukienda kuiona hiyo nyumba ya Goba uende na fundi au utangulize wakili. Wote utawahitaji mama, fundi akuangalizie nyufa na chemba ya choo, wakili akafanye search ardhi ajue hati ya nani na kama ina mkopo wa benki, na muuzaji kama ana mke basi na mke asaini, Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mmoja kuuza nyumba wanayoishi bila mwenzie kukubali. Hayo yana wataalamu wake. Mimi langu ni moja, nyumba inatazamwa mvua ikinyesha.

Ile ya Kigogo tuliinunua Agosti 1997, wewe uko mgongoni. Jua kali, pakavu, rangi mpya ya krimu inanukia mpaka barazani. Mlangoni kuna kizingiti cha tofali mbili, unainua mguu kama unapanda daladala, na kwa jirani hivyohivyo, na nyumba inayofuata hivyohivyo. Nikamuuliza dalali, akasema cha kuzuia vumbi. Nikaamini. Nilikuwa nimechoka kupanga mwanangu, naitaka ile nyumba, ningeambiwa cha kuzuia simba ningeamini pia.

Ikaja El Nino. Maji ya mto Msimbazi yakaruka kile kizingiti usiku, unga umelowa, godoro limelowa, baba yako kakukalisha juu ya kabati anakushikilia mpaka kunakucha. Yalipotoka, krimu ikaanza kubanduka na chini yake kuna mstari wa kahawia, wa zamani, unanifika gotini. Yaani walijua.

Lakini kinachoniuma zaidi si hicho, ni kingine ambacho sijawahi kukusimulia. Mwaka 2001 tulipouza ilikuwa kiangazi tena, na baba yako alishaleta mpaka rangi. Akaja kaka mmoja mpole ana daftari, anapima vyumba kwa futi, akaniuliza, dada, vipi maji hapa? Nikamjibu ya bomba yanatoka Jumanne na Ijumaa. Na kweli yalikuwa yanatoka Jumanne na Ijumaa. Akaandika. Baba yako mpaka leo anasema hakuuliza mafuriko, na sisi tuliuziwa vilevile, na ada zenu zilikuwa zinadaiwa. Kuna siku namkubalia. Halafu naikumbuka ile kalamu inaandika Jumanne na Ijumaa, nashindwa. Desemba 2011 Msimbazi ulipofurika, watu wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande, mimi nimekaa mbele ya tivii natafuta bati la ile nyumba.

Kwa hiyo mwenye nyumba usimtegemee kwa majibu, hata kama ni mtu mzuri, mimi si mtu mbaya na nilifanya vile. Kaulize mwenye genge, kaulize vijana wa bodaboda pale kijiweni, na usiseme "vipi maji", sema masika maji yanapita wapi na yanafika wapi. Umeniambia nyuma kuna korongo kavu. Korongo halijichimbi mwanangu. Ukisikia linageuka mto mvua zikianza, kumbuka Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, kwa hiyo hata maji yasipokufuata, serikali inaweza kukufuata.

Najua utasema vuli mpaka Oktoba, Novemba huko, na dalali kashakwambia kuna mteja mwingine ana hela mkononi. Anaweza akawepo kweli. Ile ya Kimara tuliikosa kwa sababu yangu mimi, nilisema tusubiri mvua, mwenzetu akalipa wiki ileile, na ilikuwa nyumba nzuri, haikuwahi kuingia tone. Sijui. Lakini bado nasema inatazamwa mvua ikinyesha, na kama mvua hakuna basi utafute ilipopita.

Sikwambii usinunue. Hela ni zako, umezitafuta mwenyewe, nami nilishaahidi sitakuamulia tena mambo. Ila hilo korongo... haya, nanyamaza. Jumamosi nipitie saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali, nitakuwa nimeshavaa. Wewe ingia ndani na fundi wako, mimi nitazunguka kwa majirani niangalie vizingiti.

Mama