Maswali Yenu: Jumapili Moja Pamejaa, Nyingine Patupu

SWALI: Nakodisha maboya ya tyubu za lori ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, pale Pirates, Mombasa. Jumapili moja hakibaki kitu, inayofuata nakaa tu, na jua ni lilelile. Nishushe bei? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Bei iache kwanza, utazame mwezi. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Mombasa hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa nne. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Juma moja likipita, kibao kimegeuka: ni maji mafu, yaani madogo, yamejaa saa nne asubuhi, na saa kumi jioni yamekupwa.

Wenyeji wengi hushuka ufuoni baada ya ibada na chakula, tangu saa nane. Jumapili ya bamvua bahari inawapandia. Ile nyingine wanaifuata mbali, na kwenye maji ya magoti nani akodi boya? Ila usikariri zamu hizo: kila wiki mbili saa ya kujaa hurudi nyuma kama dakika 40, hivyo baada ya miezi michache Jumapili yako nzuri imekuwa mbaya.

Idi nayo ina hesabu yake. Idi el-Fitri huangukia mwezi mwandamo, basi daima ni bamvua na maji hujaa jioni: jaza tyubu zote. Idi el-Haj huangukia siku ya kumi ya mwezi wa Kiislamu, maji ndiyo yanatoka kuwa mafu na hujaa mchana, mnamo saa sita au saba. Wahi.

Pata jedwali la maji la bandari ya Kilindini, kisha kwa wiki nane andika kila saa maboya yaliyotoka, saa ya kujaa na mvua. Wikendi za mishahara ziwekee alama, la sivyo utausifu mwezi wa mbinguni kwa kazi ya mwisho wa mwezi. Wageni wa bara wa Agosti na Desemba wahesabu kando: wamefuata likizo ya shule na nauli ya treni, hawakufuata maji.

Jioni ya bamvua, maji yakianza kupwa usitoe boya jipya, na yaliyo nje yaite. Mkondo huo huvuta tyubu kuliko mtoto anavyoweza kupiga makasia kwa mikono.